Tahadhari ya dharura kuangukia kwenye spamu: angalia haya

Umeuliza kwa nini tahadhari ya mafuriko wengine wameikuta kwenye folda ya spamu, wengine imewafikia saa nzima baadaye, na wengine hawakuiona kabisa. Hayo ni maradhi matatu, kila moja na dawa yake.

Spamu kwanza. Kwa kichujio, tahadhari inafanana mno na utapeli: anwani iliyokaa kimya miezi, ghafla inamwaga barua maelfu, herufi kubwa tupu, na kiungo kilichofupishwa. Watu huhangaika na maneno, ila sifa ya mtumaji ina uzito zaidi. Kikoa kiwe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake), DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (sera ya nini kifanyike hizo mbili zikishindwa). Tangu Februari 2024 Gmail inazidai zote tatu kwa anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti zake, na siku ya dharura ndiyo unayoivuka idadi hiyo. SPF nayo ina mtego: mwisho ni utafutaji 10 wa DNS, yaani daftari la majina ya mtandao. Ukizidisha, rekodi nzima inahesabika mbovu. Fungua barua iliyofika, soma mstari wa Authentication-Results kwenye vichwa vyake vya kiufundi (chagua kuona barua asilia). Zote tatu ziandikwe "pass". Kiungo kiandike kirefu, cha kikoa chako mwenyewe, na maelezo muhimu yawe ndani ya barua.

Kuchelewa mara nyingi si spamu. Seva isiyokufahamu hukurudisha kwanza kwa msimbo wa 450 au 451, maana yake jaribu tena. Postgrey, kwa mfano, programu ya kuchelewesha watumaji wageni kwa makusudi, hukusubirisha sekunde 300 usipobadilisha mpangilio. Postfix nayo, programu ya seva inayotuma barua zako, hungoja angalau sekunde 300 kabla ya kujaribu tena, kisha pengo hurefuka hadi 4,000, yaani zaidi ya saa. Ukikataliwa mara mbili tatu, maji yameshaingia ndani. Tenga Postfix ya tahadhari peke yake: queue_run_delay (foleni ikaguliwe kila baada ya muda gani) na minimal_backoff_time (subira fupi kabisa) sekunde 60, maximal_backoff_time (subira ndefu kabisa) 300. Usiyashushe kwenye seva ya barua za kawaida, utawachosha wapokeaji bure.

Waliokosa kabisa, watafute kwenye logi, kumbukumbu za seva yako. Jibu la 550 lenye 5.1.1 ni anwani iliyokufa: iondoe, maana orodha chafu inaharibu sifa yako. Lenye 5.7.1 umekataliwa kwa sera. Ongea na msimamizi wa seva ile akuruhusu. Ruhusa isitegemee jina la mtumaji pekee, hilo yeyote analighushi. Aifungamanishe na DKIM yenye "pass". Wanaopokea kupitia kundi la barua pepe linaloongeza maneno chini ya barua, DKIM yao huvunjika, hivyo waandikishe moja kwa moja.

Hata ukirekebisha yote, barua pepe haina ahadi ya muda. SMS au king'ora kitangulie, barua ibebe maelezo marefu.

Halafu tuma jaribio kila mwezi, lenye neno JARIBIO kwenye kichwa, kutoka anwani na seva ileile. Liende kwa orodha nzima. Ukijaribu kwa watu watano wa ofisini, barua haitoki hata nje ya seva yenu.