Daktari Amenielekeza Kikao cha Wanaoacha Pombe, Nacho Hufanyika Ukumbi wa Kanisa. Je, Niende?

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mkaazi wa Kisauni, nina mke na watoto. Nanywa mnazi tangu ujana, na siku hizi hata pombe za chupa. Kila Ramadhani naacha, ikifika Mfungo Mosi nishajikuta mangweni tena. Daktari amenielekeza kikao cha Alcoholics Anonymous, lakini hukutana katika ukumbi wa kanisa, na watu hueleza ulevi wao mbele ya wenzao. Nami nimesikia Mtume amekataza mtu kufichua dhambi aliyositiriwa na Mola wake. Je, nikienda nitapata dhambi? Na watu wa msikitini wakiniona?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Nenda, ndugu yangu. Usingoje Ramadhani nyingine.

Hadithi uliyoisikia ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim: umma wote husamehewa isipokuwa wanaojitangaza. Lakini Mtume (s.a.w.) ameifafanua mwenyewe: ni mtu aliyefanya jambo usiku, Mola akamsitiri, kukicha akamwambia mwenzake, "Jana nilifanya kadha wa kadha." Huyo haoni haya. Wewe unakwenda ukiwa na haya na majuto. Mgonjwa akijifunua mbele ya tabibu hatusemi amekaa uchi, na kikao hiki nakihukumu hivyo hivyo: sema kwa kadiri ya haja, usimtaje uliyekunywa naye. Wala hulazimishwi kusema. Waweza kutaja jina lako la kwanza tu ukaketi kusikiliza, na desturi yao ni kwamba yaliyosemwa pale hubaki pale.

Vikao hivi vilianza Marekani mwaka 1935, kwa watu wawili walioshikwa na pombe, mmoja mfanyabiashara na mmoja daktari. Sharti la kuingia ni nia ya kuacha kunywa, basi. Ada hakuna, hupitishwa mchango, mwenye chochote hutoa. Kanisa lina ukumbi tu, kikao si ibada yake. Na Bukhari ametaja kuwa Ibn Abbas alikuwa akiswali kanisani isipokuwa penye masanamu. Wewe huendi hata kuswali. Hatua zao kumi na mbili za kuacha pombe zamtaja Mungu "kama tulivyomfahamu", nawe Mola wako unamfahamu. Baadhi ya vikao hufunga kwa Sala ya Bwana ya Wakristo. Hapo nyamaza, uombe dua yako moyoni.

Waislamu wa Baltimore, Marekani, waliunda kikundi chao, Millati Islami, mwaka 1989, wakazipanga hatua hizo kwa misingi ya dini yetu. Laiti kila msikiti wa Mombasa ungetoa chumba kimoja, jioni moja kwa wiki, kwa jambo hili! Darsa za tajwidi na mirathi tunazo, alhamdulillahi, lakini aliyeshikwa na pombe tumemwachia mangwe. Jambo hili laniuma.

Ama kuonekana, alikuwapo sahaba aliyeletwa kwa Mtume mara kadhaa kwa ulevi, akapigwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akamkataza, akasema kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Basi atakayekucheka mlangoni hana hoja.

Sasa nikuambie kwa nini toba yako huvunjika Mfungo Mosi. Katika hadithi, mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akatimiza mia, mwanachuoni hakumwambia atubu tu. Alimwambia ahame mji wake mbaya, aende kwa watu wanaomwabudu Mungu, akae nao. Wewe ukitubu husaidiwa na mji mzima uliofunga. Idi ikipita, wote hurudi kwenye shughuli zao, nawe warudi kwenye kibaraza kile kile, kwa wenzio wale wale. Kikao kitakupa watu wengine wa kukaa nao.

Kukipata, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au uliza Makadara, hospitali kuu ya Pwani. Uliza lugha inayotumika na saa, usije ukapitwa na magharibi. Ukitaka mkeo aje, uliza kikao cha wazi. Vile vilivyofungwa ni vya wenye tatizo wenyewe.

Nakusihi jambo moja. Kama wanywa kila siku, usikate ghafla bila kumwambia daktari. Kutetemeka mikono, jasho, kuona visivyokuwepo, hata degedege, huja siku mbili tatu za mwanzo na huweza kuua. Ukiziona dalili hizo, kimbilia hospitali, hata iwe ni mchana wa Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, atalipa baadaye.

Na swala usiiache. Wengi husikia kwamba mlevi hakubaliwi swala siku arubaini, wakaona hakuna haja. Wanavyuoni wameeleza kuwa kinachokosekana ni thawabu. Faraidhi iko pale pale, ukilevuka jitwahirishe uswali. Na ukitubu, Mwenyezi Mungu hukupokea.

Wallahu a'alam.