Bati Peke Yake Halilindi Ukuta wa Mbao Nyuma ya Jiko la Kuni

Nyumba yetu ya Kinangop, kwenye nyanda za juu za Kenya, ni ya mbao za saiprasi, na kwa kuwa baridi ya Juni na Julai huko hupenya hadi mifupani, tulimwomba fundi atuundie jiko la kuni la chuma lenye dohani. Nililiweka sentimita 25 kutoka ukutani, nikapigilia bati juu ya mbao, nikaamini kazi imekwisha. Baada ya miezi minane nililibandua, kwa sababu kila tulipokoka moto ilitoka harufu ya kitu kinachoungua. Mbao za nyuma yake zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa, na nilipozikwangua kwa ukucha, unga mweusi ulibaki kidoleni.

Bati halizuii joto, bali hulipitisha. Mbao zinazopata joto siku baada ya siku hubadilika polepole zikakaribia kuwa makaa, na zikifika hapo huweza kushika moto kwa joto la chini kuliko mbao mpya, hata pasipo cheche. Vigae vilivyobandikwa moja kwa moja juu ya mbao vina kasoro hiyo hiyo, ingawa hupendeza macho.

Kinachookoa ukuta ni hewa. Bati likae sentimita 2.5 mbele ya mbao, likishikiliwa na skrubu ndefu zilizopitishwa ndani ya vipande vifupi vya bomba la chuma, na skrubu hizo zisiwe katikati, mkabala wa jiko. Acha uwazi chini na juu, ili hewa baridi iingie chini na iliyopata moto itokee juu. Kanuni za Marekani za usalama wa moto ziitwazo NFPA 211 hutaka jiko ambalo halikupimwa kwenye maabara, kama haya yetu ya mafundi wa jua kali, likae sentimita 91 kutoka kwa chochote kinachoungua. Penye kinga ya bati na hewa, umbali huo waweza kupungua hadi sentimita 30 hivi. Mimi niliacha 45, kwa kuwa nafasi ilikuwepo na hofu bado ilikuwa mpya.

Dohani nayo isisahauliwe: bomba la bati la tabaka moja lisikaribie mbao kwa chini ya sentimita 46, wala lisipitishwe kwenye dari ya mbao bila kipande maalumu chenye kihami joto.

Kwa sakafu, tulitandika matofali bapa ya saruji yenye unene wa sentimita tano, tukayafunika kwa bati, na jiko likasimama juu ya miguu ya sentimita 15. Kinga hiyo imetokeza sentimita 46 kila upande. Mbele ya mlango wa jiko tuliiongeza zaidi, kwa maana huko ndiko kaa huanguka mtu anapochochea kuni. Zulia na rundo la kuni tulivihamishia upande wa pili wa chumba.

Sasa, moto mkali ukiwa umewaka kwa saa mbili, mimi huweka kiganja kwenye mbao pembeni mwa bati na kukiacha hapo bila kuungua.