Jibu: Kilimanjaro iko karibu na ikweta, mbona theluji haiyeyuki?

Mwenzetu kauliza: kilele cha Kilimanjaro kiko karibu na jua kuliko sisi hapa Mombasa, tena mlima wenyewe haupo mbali na ikweta, mbona theluji haiishi mwaka mzima? Wengine mkamjibu "ni kudra" mkafunga mada. Kudra sawa, lakini ina njia zake.

Mimi ni dereva wa lori, napiga Mombasa hadi Moshi kupitia Voi na Taveta. Mwaka mmoja nikajitia kupanda kwa njia ya Marangu na wapagazi, nikaishia kibanda cha Kibo, mita 4,720.

Hilo la ukaribu na jua litoeni kabisa. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, hizo sita za mlima ni kitu gani? Isitoshe, miale ya jua hupita hewani bila kuipasha sana. Hupiga ardhi na bahari, na hizo ndizo zinazoipasha hewa kutokea chini. Hewa ya moto hupanda, huko juu mgandamizo ni mdogo, basi hutanuka, na ikitanuka hupoa. Tanboi yeyote anajua: fungua valvu ya tairi la lori, upepo unaotoka ni wa baridi, na hakuna aliyetia barafu mle ndani.

Kwa wastani, kila mita 1,000 unapoteza nyuzi kama 6.5. Haya, pigeni hesabu: Mombasa nyuzi 30, kilele mita 5,895. Unafika na nyuzi 8 chini ya sifuri.

Ila baridi pekee haitoshi. Pale kibandani Kibo maji ya chupa yaliganda usiku, na mchana jua likanibabua pua (hewa nyepesi haizuii miale), lakini theluji sikuikanyaga. Changarawe na vumbi tu. Mlima Meru pale Arusha una mita 4,566. Theluji huanguka, ikakaa siku chache, ikaenda zake. Na kwenye jangwa la Atacama, huko Amerika Kusini, kuna milima inayopita mita 6,000 isiyo na barafu ya kudumu, kwa kuwa ni pakavu mno. Ili theluji idumu, inayoanguka isizidiwe na inayopotea. Ikishatanda, weupe wake huisaidia: theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga wa jua. Ikichafuka vumbi, jua hupata pa kuanzia.

Mnaoona ajabu hamko peke yenu. Johannes Rebmann, mmishonari aliyekaa hapo Rabai, aliuona mlima ukiwa na theluji mwezi Mei 1848. Alipoandika Ulaya, bwana mmoja wa London aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu huku, akashikilia kwamba haiwezekani. Kubishana na aliyeona hakukuanza mitandaoni.

Na tusitie chumvi kuhusu "mwaka mzima". Sehemu kubwa ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya Kilimanjaro, ni majivu na mawe matupu, na barafu iliyobaki ni mapande mapande. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imetoweka. Dunia inapata joto, na theluji mpya inayoanguka haitoshi kufidia. Nyingine wala haiyeyuki: kwa ukavu wa hewa ile hugeuka mvuke moja kwa moja, hata tone hulioni.

Anayetaka kuuona bila kupanda, apite Taveta alfajiri. Saa tatu, saa nne hivi, mawingu huanza kuufunika, na mara nyingi haufunuki tena mpaka jioni.