Usifunge klachi mpya juu ya flaiwili ambayo haijapimwa

Simamisha kazi hiyo. Mpigie makanika wako simu usiku huu huu kabla hajalala, umwambie kwamba giaboksi ikishuka Jumamosi flaiwili, ile sahani nzito ya chuma iliyo nyuma ya injini, nayo ishuke, na kwamba ule msasa aurudishe kwa seremala alikouazima. Umeeleza hapa jukwaani kwamba klachi ya van yako ya abiria inateleza, kwamba umekwisha kununua seti nzima ya klachi, na kwamba fundi wa hapa Malindi amekuahidi "kuipitisha msasa kidogo" flaiwili ikiwa palepale kwenye injini. Kisha ukauliza kama uikereze, yaani uso wake ulainishwe kwa mashine, au ununue nyingine. Hayo maneno ya msasa niliyasoma mara mbili, nikahisi tumbo linanikata, kwa sababu mimi niliambiwa maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo ya upole, miaka minne iliyopita, na yalinigharimu shilingi 60,500 bila kuhesabu samaki.

Nitafika kwenye samaki.

Gari langu ni pikapu ya dizeli ya tani moja ambayo kazi yake ilikuwa kupeleka barafu Ngomeni na kurudi Malindi na samaki. Anayeijua kazi hiyo anaujua na mchanga wake: gari limebeba, magurudumu yamezama, dereva ameishika klachi nusu juu nusu chini huku injini ikinguruma, na ile harufu ya kitu kinachoungua anajidanganya kwamba inatoka kwa jirani. Nilifanya hivyo kwa mwaka mzima. Klachi ilipokwisha sikushangaa, na nilinunua seti mpya kwa shilingi 16,000 bila kunung'unika. Kosa halikuwa hapo. Kosa lilikuwa dakika mbili nilizosimama kando ya gari huku fundi akiipangusa flaiwili kwa kitambaa, akaigonga kwa kucha, akaniambia kwamba hicho ni chuma tu, hakiishi, na kwamba wanaotaka kuipeleka kwa mashine ni watu wanaotafuta kula pesa zangu. Kuiteremsha na kuisaga kungenigharimu shilingi 2,500. Nilifurahi kuziokoa. Nilimnunulia na soda.

Mambo ambayo hakuniambia, au hakuyajua, ndiyo haya. Flaiwili ya gari kama langu ni sahani nene ya chuma cha kusubu iliyofungwa nyuma ya kranki, ile shafti kuu ya injini, na upande wake mmoja ndio unaosuguana na pleti ya klachi kila unapoondoka. Joto likizidi, sehemu fulani za uso huo hugeuka rangi zikawa za buluu au nyeusi, na doa hilo si uchafu: chuma cha mahali hapo kimepata moto mkali kisha kikapozwa ghafla na chuma baridi kilichokizunguka, kikawa kigumu kuliko jirani zake, na ugumu huo umeingia ndani, haukukaa juu kama rangi ya mlango. Msasa hula kilicho laini na kuliacha doa likiwa kilima kidogo kisichoonekana kwa jicho. Pleti mpya ikikutana na vilima hivyo hushika hapa, huachia pale, hushika tena, na dereva hulipata jibu kwenye kiti chake. Haukupita mwezi, pikapu yangu ikawa kila inapoondoka inatetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi, hata wachukuzi wa barafu wakaanza kushika kofia zao kabla sijaachia klachi.

Fundi alisema bado haijazoea. Nilipomrudia mara ya pili alisema ni raba zinazoegemewa na injini. Mara ya tatu alisema ni namna ninavyoendesha, na hapo ndipo nilipotoka kwake, ingawa nakiri kwamba kwa habari ya mchanga hakuwa mbali sana na ukweli.

Sasa njoo kwenye kosa kubwa kuliko lile la kwanza, maana hili nililifanya kwa akili zangu timamu nikijiona nimeerevuka. Niliamua flaiwili ikerezwe. Giaboksi ikashushwa tena kwa shilingi 6,000, flaiwili ikatoka, nikaipeleka kwa mkereza mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa shafti za mashua na vyuma vya mageti, akanitoza shilingi 1,500 na kunirudishia kitu kinachong'aa kama sinia ya harusi. Nilikipiga picha. Nilimtumia shemeji yangu ile picha. Kilichonipumbaza ni mng'ao, nami sikuuliza maswali mawili ambayo hata mtoto wa gereji angeuliza.

La kwanza ni kifaa alichotumia. Kisu cha mashine ya kukereza kikifika kwenye doa gumu husukumwa nyuma kidogo, kikapita juu yake, kisha kikazama tena kwenye chuma laini, kwa hiyo vile vilima ulivyotaka kuviondoa vinaweza kubaki vilevile chini ya mng'ao mpya. Kazi hii hufanywa vizuri zaidi kwa mashine ya jiwe la kusagia, kwa kuwa jiwe hula gumu na laini kwa pamoja. La pili, ambalo ndilo lililonimaliza, ni kimo. Zipo flaiwili zenye uso bapa, na zipo zenye kidaraja, yaani mahali presha pleti (ile sahani yenye springi inayoibana pleti ya klachi) inapofungwa pana kimo chake na mahali pleti inaposuguana pana kimo kingine, na tofauti ya vimo hivyo imepangwa na mtengenezaji kwa hesabu. Yangu ilikuwa ya kidaraja. Ukiula upande wa msuguano ni lazima uule na upande wa presha pleti kwa kiasi kilekile, ili tofauti ibaki kama ilivyokuwa. Yule bwana alikula karibu milimita moja katikati na ukingo akauacha kama ulivyo, kwa hiyo presha pleti ikawa mbali na pleti kwa milimita hiyohiyo, na springi yake ikawa inabana kwa unyonge.

Gari tupu halikuonyesha kitu. Nilizunguka nalo mjini siku tatu nikijisifu. Siku ya nne nilikuwa natoka Ngomeni na mzigo kamili, na nilipoanza kupanda baada ya daraja la Sabaki injini ilipaza sauti na gari likapunguza mwendo, nikabadilisha gia, injini ikazidi kupaza sauti na gari likazidi kupunguza mwendo, mpaka tukafikia hatua ambapo injini ilikuwa inakimbia peke yake na sisi tumesimama. Ilikuwa saa nane mchana. Barafu ya Malindi haina subira na jua la saa nane, na mwenye samaki hakuwa na subira nami. Samaki wale tuliwauza jioni kwa bei ambayo siitaji hapa kwa heshima ya marehemu.

Jumla ni hii, kwa anayependa hesabu: seti ya kwanza na ufundi shilingi 22,000, kushusha tena na kukereza shilingi 7,500, kisha seti ya pili, kwa sababu pleti ya kwanza ilikuwa imeungua na presha pleti imegeuka rangi, pamoja na ufundi na flaiwili nyingine, shilingi 31,000. Kama ningetoa zile 2,500 siku ya kwanza, kazi yote ingekwisha kwa 24,500. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mimi ilivunja na sufuria.

Flaiwili ile niliitia kwenye gunia nikapanda nayo matatu hadi Mombasa, kilomita zipatazo 120, nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa, na kondakta akanidai nauli yake kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko abiria wake wa kiti cha nyuma. Mwenye mashine ya jiwe hakuigusa mashine yake kwanza. Alichukua kipimo, akapima unene mahali kadhaa, akapima kimo cha kidaraja, akaisugua kwa petroli na kunionyesha nyufa mbili zilizotoka kwenye uso wa msuguano zikafika kwenye tundu la bolti, kisha akasema hii haisagwi, hii inatupwa. Alikuwa mtu wa kwanza katika hadithi hii yote kukataa pesa yangu, na ndiye wa kwanza niliyemwamini. Nilinunua flaiwili iliyotumika kutoka Japani, nikamrudishia aipime na kuisaga kidogo kwa jiwe, na mpaka leo gari linaondoka bila kutikisa hata kikombe cha kahawa.

Kwa hiyo swali lako la kukereza au kununua nyingine halijibiwi na mimi, wala na fundi wako, wala na muuza spea, na hasa halijibiwi na wale waliokujibu hapa jukwaani kwamba zao hawakuzigusa na zinatembea mwaka wa tatu. Linajibiwa na kipimo, na kipimo hakiwezi kuwekwa flaiwili ikiwa bado imening'inia chini ya gari. Ikiwa unene haujashuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, madoa yakaondoka kwa kusagwa kidogo, na vile vinyufa vyembamba vya juu vikafutika, isagwe na urudishe. Ikiwa nyufa ni za kina au zimefika kwenye matundu au ukingoni, au madoa yamebaki baada ya kusagwa kufikia kikomo, nunua nyingine. Meno ya ukingoni yanayoshikwa na stata yakiwa ndiyo peke yake yaliyolika, ringi yenye meno hayo hupashwa moto na kubadilishwa peke yake, usikubali kuuziwa flaiwili nzima kwa ajili hiyo. Na ikipimwa ikaonekana haina neno, utakuwa umepoteza pesa kidogo na asubuhi moja, nami niko tayari kutukanwa kwa hilo.

Kuna jambo moja la gari lako ambalo halikunihusu mimi. Van nyingi za dizeli za siku hizi zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi na grisi katikati, na hiyo kwa kawaida haisagwi. Kama yako ni ya namna hiyo na imechakaa, huwa inatoa mlio wa kugonga injini ikiwa inanguruma kwenye sailensi, yaani bila kukanyagwa mafuta, au inapozimwa. Ikishuka, izungushe na kuitikisa kwa mkono uone inacheza kiasi gani, ulinganishe na kiwango cha mtengenezaji, na ikizidi hakuna jiwe wala msasa utakaoiokoa. Watakaokushauri ufunge ya kipande kimoja badala yake wakueleze pia ni pleti gani yenye springi itakayomeza mtikisiko wa injini, kwa maana mtikisiko huo usipomezwa hapo utamezwa na giaboksi.

Giaboksi ikiwa chini, badilisha na sili ya oili ya nyuma ya kranki, kwa kuwa tone moja likifika kwenye pleti utarudi nyumbani kwangu kulia. Bolti za flaiwili za magari mengi hutumika mara moja tu, basi nunua mpya, zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa mpangilio wa kukabiliana. Uso wa flaiwili uoshwe kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe, na baada ya hapo asiuguse mtu kwa mkono wenye grisi, hata akiwa ni mwenye gereji.

Ukifika kwa mwenye mashine, kabla hajawasha chochote, mwambie aandike kwa chaki nyuma ya flaiwili unene aliouona na kimo cha kidaraja kama kipo, na akimaliza aandike tena vipimo vipya pembeni yake. Akikataa kuandika, irudishe kwenye gunia na utafute mwingine. Akiandika, zipige picha zile namba kabla hazijafutika uzilete hapa tuzione, na fundi wako asiifunge klachi mpya kabla ya hapo.