Kwenye kongamano la biomekanika, kaa penye mabango

Wanafunzi wa fiziotherapia na uhandisi huniuliza kama kuna haja ya kujiunga na chama cha kisayansi cha kimataifa wakati ada yenyewe inauma. Nawaambia wajiunge, tena mapema, wakiwa bado wana kitambulisho cha chuo, maana mwanafunzi hulipa kidogo.

Chama ninachowaelekeza kwanza ni Jumuiya ya Kimataifa ya Biomekanika, elimu ya mwendo wa mwili na nguvu zinazouendesha. Watafiti walianza kukutana Zurich mwaka 1967, na mwaka 1973, walipokutana Chuo Kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani, wakaiunda rasmi. Kongamano lake huwa kila baada ya miaka miwili. Inatoa misaada kwa wanafunzi, na ina mpango maalumu kwa nchi ambazo uchumi wake bado unakua. Omba.

Kazi ya chama haiishii kwenye kongamano. Zamani maabara mbili zingeweza kupima bega lilelile zikapata pembe tofauti, na wala hakuna iliyokosea: kila moja ilichora mihimili yake, yaani mistari ya kupimia pembe, kwa alama zake za mifupa. Jumuiya ikakaa chini, ikatoa mapendekezo mwaka 2002 kwa kifundo cha mguu, nyonga na uti wa mgongo, kisha 2005 kwa bega, kiwiko, kifundo cha mkono na kiganja. Kombe la bega sasa lina alama tatu unazozipapasa kwa kidole kabla ya kubandika vitambuzi vya kupimia mwendo, mojawapo ncha yake ya chini. Yajue mapendekezo hayo kabla hujaanza kupima. Ukiyafuata, pembe zako zitalinganishwa na za Japani au Kanada bila ubishi.

Ukifika kongamanoni, mihadhara mikubwa usiipe siku nzima. Simama penye bango lako, lile linaloonyesha utafiti wako. Mimi hapo ndipo mtafiti mzee aliponiuliza kwa nini nimechuja data, yaani kuondoa mitikisiko isiyo ya mwendo wenyewe, kwa masafa niliyoyachagua, akainama kwenye grafu yangu, akafuata mkunjo kwa kidole hadi pale kisigino kinapogusa sakafu. Dakika zile zilibadilisha sura nzima ya tasnifu yangu. Bango lichapishe kwenye kitambaa, likunjwe ndani ya begi. Na barua ya mwaliko iombe mara tu ikisari yako, yaani muhtasari wa utafiti ulioutuma, inapokubaliwa, kwa sababu viza huchukua muda.

Usijione mgeni humo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya, Geoffrey Maloiy akiwa mmoja wa waandishi, kuhusu wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada. Watafiti wanaendelea kuujadili. Wewe unayejua ngata inavyosukwa na mzigo unavyotwishwa una maswali ambayo wengi ukumbini hawana. Yaulize kwa sauti.

Waliosimama penye bango lako waandikie wiki hiyohiyo. Mtajie kila mmoja swali lake, ambatanisha grafu uliyorekebisha, kisha omba kitu kimoja kisichomgharimu: programu yake ya kuchakata data, au saa moja ya kupitia vipimo vyako pamoja kwa intaneti.