Mwalimu wa Sauti: "Nikiimba wananiambia namuona fulani"

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23 niko Mbagala, naimba kava, yaani nyimbo za watu, hotelini siku tatu kwa wiki na namshukuru Mungu hela ya kula ipo. Shida yangu ni moja. Nikishuka stejini watu wananipongeza wananiambia wewe ni fulani mtupu, nikifumba macho namuona yeye. Zamani nlikuwa nafurahi. Mwezi uliopita nikapeleka demo yangu ya kwanza kwa prodyuza mmoja, nyimbo nimetunga mwenyewe, akasikiliza kama nusu dakika hivi akasimamisha, akasema dogo sauti nzuri ila hii tunayo tayari. Nilirudi nyumbani kwa mguu. Kabla ya hapo kuna mwalimu alinifundisha miezi miwili ila naona nilizidi tu kufanana na wanafunzi wake wengine. Sasa sauti yangu mimi naipata wapi? Au sina?*
*Kopi Halisi, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Unayo, na umeniandikia nayo. "Nilirudi nyumbani kwa mguu." Hujasema umeumia, hujasema moyo umevunjika vipande elfu, umesema umetembea, na mimi nimekaa hapa naiona hiyo barabara ya Kilwa na wewe pembeni daladala zinakupita. Sasa nikuulize, kwenye hizo nyimbo ulizotunga kuna mstari mmoja kama huo? Nahisi hamna. Nahisi kuna mpenzi usiniache nitakufa, kwa sababu ndo maneno ya yule unayemuimba kila siku na yameshakaa mdomoni kama chuingamu.

Watu wakisikia "sauti yako" wanafikiria koo tu. Koo lipo ndani yake sawa, ila kuna unavyotamka, unapovuta pumzi, neno unaloling'ang'ania na neno unaloliacha lidondoke, na kitu unachoona kinafaa kuimbwa. Anayeiga mwenzake kwa miaka anabeba vyote hivyo bila kujua. Hata pumzi! Jirekodi halafu sikiliza vizuri, utakuta unavuta pumzi pale pale anapovuta yeye, na mapafu ni yako.

Kuiga kwenyewe sikukatazi, wote tumeanzia huko. Siti binti Saad alijifunza kwa kuimba taarab ya Kiarabu kama ilivyokuwa inaimbwa enzi hizo Unguja, lakini alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri aliimba Kiswahili, maneno ya watu wa mitaa ya Ng'ambo hapo hapo Unguja, kesi zao na aibu zao, akiwa na mapambo ya Kiarabu humo humo kooni. Hakutupa alichojifunza. Na Remmy Ongala alipoingia Dar 1978 kutoka Kongo angeweza kusema ngoja kwanza ninyooshe Kiswahili changu nifanane na wenyeji, asingekosea, ila tungemkosa Remmy, maana nusu ya utamu ulikuwa kwenye kile Kiswahili chake na ile namna ya kuongea na watu katikati ya wimbo kama yuko barazani.

Ngoja nikupe kisa cha mwanafunzi wangu mmoja. Dada huyu alikuja anaimba safi, kila noti iko mahali pake, na sikukumbuka chochote akishatoka mlangoni. Wiki ya nne hivi yuko katikati ya wimbo simu ikaita, bibi yake anapiga kutoka Pangani, akaniomba radhi akapokea. Mwanangu, nikasikia mtu mwingine kabisa. "Shikamoo bibi, aa mie sijambo, mie nipo tu." Sauti imeshuka chini, ina mkwaruzo kidogo, mwisho wa sentensi anauvuta halafu anauachia kama mtu anashusha ndoo ya maji taratibu. Alipokata nkamwambia usikae, imba sasa hivi hivyo hivyo ulivyoongea na bibi. Akacheka, akasema mwalimu hiyo ni sauti ya nyumbani. Nikashusha kii ya wimbo kwenye kinanda, yaani kimo cha wimbo mzima, kutoka A mpaka F, nkamwambia badala ya "mimi" imba "mie". Mara ya kwanza akakosa tuni, mara ya pili akasimama katikati akasema naona aibu. Mara ya tatu ndo nikaacha kupiga kinanda nikawa nasikiliza tu.

Ile aibu ndo alama ninayoitafuta mimi kama mwalimu. Mtu akiimba sauti ya kuazima haoni aibu, kwani akikosea kakosea mwenye nayo.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Chukua wimbo unaoimba sana hapo hotelini, zima biti, weka simu mezani irekodi, halafu sema yale maneno bila tuni kabisa kama unampa habari mama yako. Sema mara tatu nne. Weka alama ulipovuta pumzi na neno ulilolikazia, ndipo urudishe tuni ila uheshimu zile alama, hata kama wimbo utapinda. Utapinda, na ndo tunachotaka. Halafu shusha kii, au panda, maana kii ya wimbo wa mtu mara nyingi imechaguliwa akae yeye vizuri. Jaribu nusu toni nusu toni mpaka ufike mahali ambapo huhitaji kunyanyua kidevu ili noti itoke.

Jingine litauma. Zile kona zako, ile mizunguko ya sauti mwisho wa mstari ambayo watu hotelini wanaipigia makofi, chagua tatu unazozitumia kila wimbo na uzifungie mwezi mzima. Usiweke nyingine hapo, acha pakae wazi. Wiki ya kwanza utajiona uko uchi, ila masikio yako yataanza kudai kitu, na kitakachokuja hapo hujakiazima kwa yule jamaa. Mwezi huo usimsikilize yeye kabisa, sikiliza kaswida, sikiliza kwaya ya kanisani, muulize babu nyimbo za kwenu wanaimbaje kwenye msiba. Miaka ya mwanzo ya 2000 Saida Karoli aliimba kwa Kihaya na nchi nzima ikaitikia, wengi wetu hatujui hata neno moja. Sikuambii uimbe kilugha, ila usikimbie ulikotoka kwa kudhani ni ushamba.

Hoteli usiache, kodi hailipwi kwa upekee. Ila kila usiku weka wimbo mmoja kwa kii yako mpya na pumzi zako, kama saa nne hivi watu wameshashiba na hawajalewa. Usitangaze kitu. Angalia tu nani ameweka uma chini.

Na kuhusu yule mwalimu, sitamsema vibaya simjui, ila kwa mwalimu yeyote unayetaka kumlipa, mimi mwenyewe nikiwemo, omba usikie wanafunzi wake watatu. Wakiwa wote wanaimba kama ndugu wa tumbo moja, shukuru uondoke. Kazi yetu ni pumzi, masikio na koo lisiumie, kisha kukuuliza maswali mpaka ukasirike. Anayekupigia mfano kwa sauti yake kila mstari, "fanya kama mimi", amekutoa kwa fulani akakuhamishia kwake.

*Assalam aleikum mwalimu. Niko Mombasa, mwanangu ana miaka 13, tangu mdogo ndiye anayeongoza kaswida kwenye maulidi kwa ile sauti ya juu. Saa hizi sauti yaanza kukwaruza na kukatika, juzi imemkatikia mbele za watu na wenzake wakamcheka. Wamwambia ajikaze atafika. Aache kuimba kwanza?*
*Mama Kijana, Mombasa*

Waaleikum salaam mama. Asiache, ila asijikaze. Anabalehe, kisanduku cha sauti kinakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na akishamaliza ataongea chini zaidi karibu okteva nzima, kutoka do ya juu mpaka do ya chini. Ni miezi, wengine inapita mwaka. Kulazimisha zile noti za juu sasa hivi ni kumvalisha viatu vya mwaka juzi. Mwombee kwa ustadhi aimbe na waitikiaji, pale katikati panapotoka bila shida, hata zikiwa noti tano tu, na kuongoza apewe mwingine kwa muda.

Nyumbani msimcheke, hata kwa utani. Wavulana wengi ninaowapata wakiwa watu wazima wanaimba kwa woga ukiwachimba unakuta ni siku moja tu kama hiyo ya mwanao. Mwambie afanye ule mchezo wa mtoto anayeendesha gari, brrrr kwa midomo, apande na kushuka taratibu, haumizi koo na inamsaidia kuizoea sauti mpya. Na asipangiwe mapema wewe sasa ni besi. Hajafika bado.

*Ticha mambo vipi. Sauti yangu laini sana afu nataka ile nzito yenye mikwaruzo kama ya Bi Kidude. Nasikia alikuwa anavuta fegi, je nikianza kidogo kidogo itanisaidia?*
*Mzito Mtarajiwa, Mwanza*

Poa, ingawa kwetu tunaanza na shikamoo.

Hapana bwana. Bi Kidude alivuta kweli, kila mtu anajua, ila wavutaji wamejaa kila kijiwe Mwanza hapo na hakuna aliyepewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, kama yeye 2005. Mtu aliimba tangu utotoni, akamsikiliza Siti, akapiga ngoma za unyago miaka na miaka, akaimba mpaka uzeeni kabisa, akafariki Aprili 2013. Mikwaruzo ni kitu cha juu juu. Chini yake kuna pumzi ya mtu wa ngoma, na hiyo haiuzwi dukani kwa pakiti.

Moshi unakausha na kuvimbisha nyuzi za sauti, unapoteza noti za juu na huna uhakika wa kupata za chini zinazofaa. Na mkwaruzo ukidumu wiki tatu bila mafua usisubiri, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangalie. Tangawizi haitakusaidia hapo, inapita njia ya chakula wala haigusi nyuzi.

Halafu hiyo sauti laini, nani kakwambia ni kasoro? Mtumie mhariri rekodi ya dakika moja, bila biti, ukiongea kwanza halafu ukiimba. Nitakujibu toleo lijalo.