Boti ya mita 11: hp (nguvu za farasi) 40 au 120?

SWALI: Naunda boti ya faiba yenye tumbo la mviringo na mkuku mrefu, mita 11 kwenye mstari wa maji, tani 10 ikiwa na mzigo. Itabeba samaki kati ya Mikindani na Lindi. Fundi mmoja anasema dizeli ya hp 40 inatosha. Mwingine anataka nifunge ya lori, hp 120, ili niwahi soko. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo ya 120 iache. Boti ya tumbo haipandi juu ya maji, inayapasua, na mwendo wake unafungwa na urefu wake. Chukua kipeuo cha pili cha 11, zidisha kwa 2.43, unapata noti 8 (maili za baharini kwa saa). Ukiilazimisha kupita hapo, tezi (nyuma) inazama, omo (mbele) inanyanyuka, na nguvu yote inaishia kwenye wimbi.

Kwa noti 6.5 hadi 7 unahitaji takribani hp 2 kwa kila tani, yaani 20. Noti 8 zinataka 40 au zaidi. Dizeli hula kama robo lita kwa kila hp kwa saa: lita 5 dhidi ya 10. Noti moja ya mwisho inakula mafuta maradufu!

Hata hivyo 40 inabana. Juni hadi Agosti, kwenda Lindi kusi inakusukuma. Kurudi ni mbisho, na boti iliyoota uchafu chini huwa nzito zaidi. Chukua hp 55 hadi 60, na uhakikishe ni kipimo cha kazi ya mfululizo, yaani nguvu ambayo injini inaweza kuitoa saa nyingi bila kupumzika. Ile ya 120 ikifanya kazi ya hp 20 kila siku haipati joto la kutosha: nozeli hushika masizi, kuta za silinda hung'aa na kuteleza kama kioo, injini huanza kula oili. Tena ya lori ukiipitishia maji ya chumvi moja kwa moja, bloku italiwa na kutu.

Giaboksi iwe 2:1 au 2.5:1 (injini izunguke mara 2 au 2.5, propela mara moja), propela kubwa izunguke polepole. Kati ya ncha zake na mwili wa boti acha asilimia 15 ya kipenyo.

Siku ya majaribio safisha chini, pakia mzigo kamili, fungulia mafuta yote. Injini iliyoandikwa mizunguko 2,800 kwa dakika lazima ifike 2,800. Ikikwama 2,400 na moshi mweusi, pichi ya propela (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ni kubwa. Kila inchi unayopunguza hurudisha mizunguko 150 hadi 200, hivyo anza na inchi 2. Ikizidi 2,800 kwa mbali, ongeza pichi. Usimmalizie fundi malipo yake kabla ya kipimo hiki.